Siku ya Kumkabidhi Nyatichi

Jumamosi jua lilipotua na Sabato ikaisha, Bochaberi alimketisha mtoto katikati ya magoti yake akaanza kumsuka. Alimsuka mistari midogo midogo, ile ambayo siku zote huikataa kwa sababu inamuumiza vidole. Nyatichi alikuwa akisinzia na kuamka.

"Mama, mbona leo unavuta polepole?"

"Mistari midogo haifumuki upesi," Bochaberi alijibu. "Kaa vizuri."

Hakumwambia kwamba hakujua ni nani angemsuka baada ya hapo.

Nyatichi alikuwa na miaka tisa. Aliyemzaa ni Dolphine, mdogo wake Bochaberi wa tumbo moja. Dolphine alipopata kazi ya nyumbani Uarabuni, mtoto ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea, na baba wa mtoto alikuwa ameingia mitini zamani. Bochaberi na mumewe Okari, fundi wa kuchomelea milango na madirisha mjini Migori, walikuwa wamekaa katika ndoa miaka mingi bila mtoto. Huko kwao Kisii mambo yakapangwa kwa maneno machache: dada atakaa na mtoto mpaka mama yake arudi. Lakini mkataba wa Dolphine ukaongezwa, kisha ukaongezwa tena. Mtoto aling'oka meno ya utoto Migori, akajifunza kusoma Migori, akaugua na kupona mikononi mwa Bochaberi. Sokoni, pale Bochaberi anapouza mitumba ya watoto, hakuna aliyemjua kwa jina jingine ila Mama Nyatichi.

Si kwamba mtoto alifichwa. Alijua kwamba yule Dolphine wa kwenye simu ndiye aliyemzaa. Alilijua hilo kama alivyojua kwamba Musa aliokotwa mtoni. Lilikuwa jambo la kweli, la zamani, lisilomhusu.

Mwezi wa kumi na moja Dolphine alirudi, amekonda, macho makubwa. Akapata kazi katika jiko la hoteli moja Nakuru, akapanga nyumba ya chumba na sebule, akatafuta shule. Magokoro, yaani bibi yake mtoto, akawaita wote nyumbani. Kabla ya mtu yeyote kufungua mdomo, Bochaberi alisema mwenyewe, "Mtoto ni wa mama yake." Aliharakisha kulisema kwa kuwa alijua likisemwa na mwingine angepigana.

Magokoro ndiye aliyetoa shauri la namna ya kutengana. "Mtoto huachwa akicheza," alisema. "Mkianza kuagana mtamvunja, na ninyi mtavunjika. Mpelekeni mahali pa raha, acheze na mama yake, ninyi mwondoke kimya kimya. Atalia kidogo, kisha atanyamaza."

Okari aliliunga mkono. Dolphine aliangalia chini, hakusema ndiyo wala la. Ndivyo walivyokubaliana kwenda Homa Bay Jumapili ya kwanza ya mwaka, watembee ile njia mpya ya kando ya ziwa ambayo watu wa Migori walikuwa wakiisifu. Jioni Dolphine na mtoto wangeshika gari la Kisumu kwa barabara ya Kendu Bay, walale kwa rafiki, kesho yake wafike Nakuru.

Okari aliazima gari la jirani, probox. Begi la nguo za Nyatichi alilifunika kwa gunia kule nyuma ili lisionekane. Njia nzima mtoto aliimba nyimbo za kwaya ya watoto, na walipopita Rodi Kopany alikuwa bado anaimba. Bochaberi aliitikia pale alipoweza. Alipozidiwa aligeuza uso dirishani, akajifanya anaangalia miwa.

Homa Bay ilikuwa imejaa watu. Njia yenyewe ilifuata ukingo wa maji, imetandikwa mawe ya kijivu, ina kizuizi cha chuma upande wa ziwa na viti vya saruji upande wa pili. Waliotoka kanisani walikuwa bado na nguo zao za ibada. Wasichana wa shule ya sekondari walipigana picha, watoto waliendesha baiskeli za kukodi, na spika ya muuza aiskrimu ilirudia wimbo uleule. Majini gugumaji lilikuwa limejikusanya kama shamba, na korongo wakubwa wenye vipara walitembea kando ya wachuuzi wa samaki, wakisubiri matumbo yatupwe.

"Yule ni kama mwalimu wetu wa hesabu!" Nyatichi alisema akimwonyesha korongo mmoja, na wote wakacheka, hata Dolphine.

Dolphine alikuwa anajitahidi. Alimnunulia mtoto miwani ya jua ya rangi ya waridi, akamnunulia aiskrimu, kisha akamnunulia puto. Kila mara Nyatichi alisema kwa adabu, "Asante, aunti." Na kila mara macho ya Dolphine yalikimbilia kibanda kingine, akitafuta cha kununua.

Karibu na gati mpiga picha aliwasimamisha. Alikuwa Mjaluo mmoja mchangamfu, kamera imemning'inia kifuani. "Familia nzuri hivi mtapitaje bila picha? Njooni hapa, mlima Asego uonekane nyuma. Mzee, simama huku. Mama wa mtoto, njoo umshike bega."

Wanawake wawili walipiga hatua kwa pamoja.

Wakasimama. Mpiga picha aliwaangalia mmoja baada ya mwingine, akicheka bila kuelewa. Bochaberi akarudi nyuma. "Nenda," alimwambia Dolphine. Lakini Nyatichi alikuwa ameshamshika Bochaberi mkono na kumvuta. "Mama, njoo bwana, jua linaniingia machoni." Basi picha ikapigwa hivyo, mtoto amemkumbatia Bochaberi kiunoni, Okari amejinyoosha kama askari, na Dolphine kando yao, puto mkononi, akitabasamu.

Walikula samaki kwenye kibanda cha mwanamke mmoja aliyekaanga ngege wakubwa na kuwapakulia na ugali wa moto. Dolphine alivuta sahani ya mtoto kwake, akaanza kuchambua miba kwa ncha za vidole, haraka na kwa ustadi, akiipanga minofu upande mmoja. Alifanya kama mtu aliyeifanya kazi hiyo kila siku.

"Aunti, mimi hujitolea miba mwenyewe," Nyatichi alisema. "Mama alinifundisha."

Dolphine aliirudisha sahani. Alinawa mikono upya ingawa alikuwa hajamaliza kula.

Bochaberi alitamani kufurahi. Alijua aibu ya kufurahi kwa jambo kama hilo, akaimeza pamoja na ugali.

Baada ya chakula Nyatichi aliona mashua. Zilikuwa zimefungwa kando ya gati, zimepakwa rangi nyekundu na buluu, na mwenye moja alikuwa akiita watu wapande, awazungushe mpaka kule kwenye visiwa vya gugumaji na kurudi. Mtoto alianza kurukaruka. "Baba, tafadhali! Baba, tupande!"

Okari alimtazama mkewe. Bochaberi aliuelewa mtazamo huo. Wakati ulikuwa umefika.

"Panda na aunti," Okari alisema, na sauti yake ilikwaruza. "Mimi maji siyawezi. Na mama yako pia kichwa kinamuuma."

Nyatichi hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Alivalishwa jaketi la kuelea lililomfika magotini. Kisha akavua viatu vyake, vile vyeupe vya kanisani, akavisukuma mikononi mwa Bochaberi. "Nishikie, Mama, visilowe maji." Akateremka ngazi na kukaa kwenye ubao wa mbele kabisa.

Okari alikuwa ameshaanza kwenda. Alitembea haraka kuelekea kwenye gari akachukue begi, aliache kwa mpiga picha ili Dolphine alikute, halafu waondoke kama walivyopanga. Bochaberi aliinua mguu amfuate. Mguu uliinuka, lakini mikono ilikuwa na viatu. Alitafuta mahali pa kuviweka. Juu ya kizuizi vingeanguka majini. Sakafuni vingekanyagwa. Akabaki amesimama pale, mwanamke wa miaka arobaini na kitu aliyeshindwa kujua pa kuweka viatu vya mtoto.

Dolphine alikuwa bado hajapanda. Mwenye mashua alikuwa anangoja abiria wajae, naye Dolphine akarudi juu, akamjia dada yake karibu sana.

"Dada, usiende."

"Nisipokwenda sasa sitaweza tena," Bochaberi alisema. "Usinifanye hivi, Dolphine. Panda mashua."

"Nisikilize." Dolphine alimshika kifundo cha mkono. "Kule nililea mtoto. Mvulana. Niliingia katika nyumba ile hajaota jino. Alilala kifuani kwangu, alikula kwa mkono wangu, na usiku akiota vibaya hakumwita mama yake, aliniita mimi. Nilimwambia Mungu anisamehe, kwa sababu kuna siku nilisahau kwamba nina wa kwangu. Siku ya kuondoka wakaniambia nisimwamshe. Eti atalia. Dereva alikuwa anangoja nje, nami nikatoka na viatu mkononi ili nisipige kelele sakafuni."

Pembeni yao spika iliendelea na wimbo wake.

"Watu huniuliza kama nilipigwa, kama nilinyimwa chakula. Mambo hayo yalikuwepo, dada, na yamepita. Lisilopita ni moja. Aliamka asubuhi, akauliza nini? Wakamjibu nini? Alinitafuta kwenye vyumba vingapi? Mpaka leo nikifumba macho namwona anafungua milango. Mimi sikukubali neno la mama yetu siku ile, ila sikuwa na uso wa kumpinga. Wewe ukiondoka hivi, kila usiku Migori utakuwa unajiuliza ninayojiuliza mimi. Na huyu atajifunza kwamba watu humwacha akicheka."

Kwa wiki nyingi Bochaberi alikuwa amemtengeneza mdogo wake kichwani awe mwizi, mtu aliyekuja kuvuna asichopanda. Sasa alimwona alivyo. Alikuwa mwanamke aliyeachishwa mtoto mara mbili. "Nenda mzunguke naye," alisema hatimaye. "Nitakuwa hapa. Nitamwambia mwenyewe."

Mashua iliondoka. Nyatichi alipunga mkono mpaka akawa doa la rangi ya chungwa kwenye maji. Okari alirudi na begi, akimtafuta mkewe kwa macho, akamkuta ameketi kwenye kiti cha saruji.

"Mama Nyatichi, twende. Si tulisema?"

"Siendi."

"Utamtesa bure."

"Keti, Okari."

Okari akaketi. Alilaza begi juu ya magoti yake, akaanza kuufungua na kuufunga mkanda wake. Bochaberi alijua kwamba mumewe alikuwa amelia uani Ijumaa, akawasha mashine ya kuchomelea ili asisikike.

Mashua iliporudi Nyatichi alipanda ngazi mbio, amelowa mpaka kiunoni, akisimulia mambo mawili matatu kwa pumzi moja: kiboko waliyemwona mbali, maji yaliyowarukia, mwanamke aliyetapika. Bochaberi alipiga magoti mbele yake, akamfuta miguu kwa leso, akamvisha viatu. Alifunga kamba za kiatu cha kwanza. Akafunga za cha pili. Kisha akabaki pale chini, ili awe kwenye usawa wa macho yake.

"Nyatichi, leo hurudi Migori na sisi. Utakwenda na mama yako Nakuru. Utakaa kwake, na shule utaanza huko."

Mtoto aliendelea kutabasamu kidogo, kama taa inayozimwa polepole. Alimtazama Okari, akaona begi, akalitambua. Alimtazama Dolphine. Akarudi kwa Bochaberi.

"Nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu, mtoto wangu."

"Ni ile sahani niliyovunja?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Iliteleza, Mama, sikuitupa. Ama ni kwa sababu nilimpiga Jedidah shuleni? Nitamwomba msamaha. Nitakuwa naamka mapema. Nitaosha vyombo vyote bila kuambiwa."

Okari aliinuka na begi, akaenda kwenye kizuizi cha ziwa, akawapa mgongo wote. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na watu waliopita walimkwepa.

"Si sahani. Si Jedidah," Bochaberi alisema. Alijikaza, lakini machozi yalikuwa yameshafika kidevuni. "Mama yako alikuwa mbali, sasa amerudi. Alikuwa anakutaka siku zote. Mimi nilikuwa nakutunza, na nimekutunza kwa moyo wangu wote, na wewe ni mtoto wangu hata ukiwa huko. Likizo utakuja. Nitakupigia simu kila Sabato ikiisha."

Uso wa Nyatichi ukabadilika, ukawa mgumu, uso ambao Bochaberi hakuwahi kuuona.

"Ulijua tangu jana," alisema. "Ndiyo maana ulikuwa unavuta polepole."

Bochaberi alifungua mikono. Mtoto alirudi hatua moja nyuma. Alimwendea Okari, akalichukua begi lililokuwa limelazwa kando yake, akalitupa begani ingawa lilimzidi uzito, akaanza kutembea peke yake kuelekea barabarani.

Walimfuata. Kwanza mtoto na begi lake, jaketi la kuelea ameliacha sakafuni. Nyuma yake Dolphine, mikono imenyooshwa kidogo mbele, asithubutu kumgusa. Kisha Bochaberi, na Okari mwishoni kabisa. Mpiga picha aliwaona akawakimbilia na picha yao mkononi. Alipofika karibu aliziona nyuso zao, akampa Bochaberi picha hiyo, akasema tu, "Pole, mama," akarudi zake.

Kwenye stendi, gari la Kisumu lilikuwa karibu kuondoka. Nyatichi aliingia bila kuaga, akakaa upande wa pili, akaangalia ukuta. Dolphine alimkumbatia dada yake. Akapanda, akakaa kando ya mtoto, na kati yao akaacha nafasi ya mtu mmoja. Gari lilipogeuka Bochaberi alikwenda nalo hatua kadhaa, mkono kwenye bati, akingoja kichwa kile chenye mistari midogo kigeuke. Hakikugeuka.

"Afadhali tungeondoka kimya kimya," Okari alisema walipokuwa wamebaki.

"Labda," alijibu Bochaberi. Hakuwa na hakika, wala hajawa na hakika mpaka leo.

Miezi iliyofuata ilikuwa mizito. Kila Jumamosi jioni Bochaberi alipiga simu, na kila mara Dolphine alijibu yeye, kwa sauti ya chini: mtoto hataki kuongea. Mtoto amekojoa kitandani. Mtoto amepigana shuleni. Mtoto amekataa kufumuliwa nywele, mpaka mwalimu ameandika malalamiko. Okari aliacha kula nyumbani, akawa anakula kibandani kwake kati ya vyuma. Wakati mwingine Bochaberi aliwaza kumpigia Magokoro simu na kumwambia, ulikuwa na haki. Wakati mwingine alimwona yule mvulana wa Uarabuni, asiyemjua hata sura, akifungua milango, na akasema moyoni, la, wangu angalau anajua nani alimwacha na kwa nini. Hata hasira ni kitu cha kushika.

Kisha siku moja ya mvua mwezi wa tatu, saa za mchana, simu ililia Bochaberi akiwa sokoni, amefunika mitumba yake kwa turubai. Aliona namba ya Dolphine.

"Halo?" Ilikuwa sauti ya Nyatichi.

Bochaberi aliketi juu ya bunda la nguo. "Nakusikia."

"Mama amesema nikuulize kama niliwahi kuugua surua. Wanataka kujua shuleni."

Nilisema lini? Bochaberi alikuwa karibu kuuliza. Neno lilimfika kwenye ulimi, ndipo akaelewa ni mama yupi. Mtoto alilisema bila kufikiri, kama mtu anavyosema jina la siku ya wiki. Mvua ilipiga turubai. Mahali fulani ndani yake kitu kiliketi chini, kizito, kikakaa.

"Uliugua," alisema. "Ulikuwa na miaka mitatu. Macho yalivimba ukawa huoni. Tulilazwa wiki nzima."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa kitandani na wewe. Kitanda kilikuwa kimoja."

Huko nyuma ya Nyatichi alisikika Dolphine akigongagonga sufuria, akimuuliza jambo.

"Haya," mtoto alisema. "Nitamwambia." Hakukata simu mara moja. Alipumua mara kadhaa kwenye simu, jinsi alivyokuwa akifanya zamani akitaka kuomba kitu. Kisha akasema, "Huku ni baridi sana," na simu ikakatika.

Bochaberi alibaki nayo sikioni. Baadaye alisimama, akatikisa maji kwenye turubai, akaanza kupekua mabunda, bunda moja baada ya jingine, akitafuta sweta nzito.